Stepa inakwama meza ikikimbia. Ninunue mota kubwa zaidi?

karakana_moro
Wakuu, habari za kazi. Nina kimashine cha milingi (kuchonga chuma) cha mezani. Nimetoa mikono ya kuzungushia, nikafunga bolskrubu (skrubu zenye gololi) za 1605 na mota za stepa, zile zinazozunguka hatua kwa hatua, saizi ya NEMA 23, kwenye X (kushoto-kulia), Y (mbele-nyuma) na Z (juu-chini). Mota zimeandikwa 3 A, 3.5 mH (milihenri, kipimo cha jinsi koili inavyopinga umeme kubadilika). Draiva, kile kisanduku kinachoendesha mota, ni DM542, pawa saplai ni ile ya taa za LED, 24 V 15 A. Kompyuta ni ya zamani yenye tundu la printa, natumia LinuxCNC, programu ya kuongoza mashine.

Taratibu inakwenda vizuri, hata ukiishika meza kwa nguvu huisimamishi. Nikifika milimita 1,200 kwa dakika, X inapiga mluzi na kusimama, mota inatetema palepale. Halafu zinapata moto sana hata zikiwa zimesimama. Fundi mmoja kaniambia mota ni dhaifu, nichukue NEMA 34, saizi kubwa zaidi. Saplai ina 15 A, kwa hiyo umeme si tatizo, au vipi?

mzee_wa_freza, Tanga
Mdogo wangu, pesa yako iache mfukoni kwanza. Mota inayokushinda nguvu ikienda taratibu si dhaifu, imekosa volti. Hizo 15 A hazikusaidii, maana draiva ndiyo inayopima ampia za kuingia kwenye mota.

Bolskrubu yako inasogeza milimita 5 kwa mzunguko, kwa hiyo 1,200 kwa dakika ni mizunguko 4 kwa sekunde. Kwa stepa ya digrii 1.8, umeme wa kila koili unageuzwa mara 400 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 2.5. Koili ya 3.5 mH ukiipa 24 V inataka karibu milisekunde 0.9 kugeuza 3 A kutoka upande huu kwenda ule, na hapo sijahesabu umeme ambao mota yenyewe inauzalisha ikizunguka na kuupinga ule wa saplai. Ni daladala inayogusa kituo na kuondoka: abiria wapo, nafasi ipo, lakini hawakuwahi kupanda. Kwa 41 V kazi hiyohiyo inaisha kwa nusu milisekunde.

Kanuni tunayotumia ni 32 mara kipeuo cha pili cha mH. Kwako inakuja 60 V, na huo ndio ukomo wa mota. Lakini DM542 mwisho wake ni 50 V, kwa hiyo lenga 40 na kidogo. Ukifunga NEMA 34 yenye mH nyingi kuliko hizi kwenye saplai hiyohiyo ya 24 V, itakwama mapema zaidi. Inaniuma kuona vijana wanamaliza mtaji kwa njia hii.

Mimi nashauri transfoma ya duara, daraja la dayodi na kapasita. Mota ikipunguza mwendo ghafla inarudisha umeme, na kapasita kubwa inaupokea. Saplai nyingine za aina ya hiyo yako ya LED huzima hapohapo. Hesabu ni hii: AC zidisha kwa 1.41, toa 1.4 ya daraja. Transfoma ya 30 V inakupa 41 V. Ampia za mota tatu ni 9, chukua theluthi mbili, 6 A. Transfoma ya VA 300 (volti mara ampia) inatosha. Kapasita ni 80,000 mara 6 gawanya kwa 41, karibu mikrofaradi 11,700. Funga mbili za 6,800 za 63 V sambamba, na rezista ya kilo-omu 2.2, wati 2, ili zijimwage ukizima. Wanaosuka mota hapo mjini watakusukia transfoma hiyo.

Usikubali ya 36 V. Kwenye karatasi inatoa 49.5, unaona imo. Lakini usiku mashine za majirani zikizimwa, umeme wa mtaani unapanda. 230 ikawa 250, unapata 54, na bado mota hazijarudisha chochote. Draiva zote tatu zimeungua. Ya 30 V hapo inafika 45 tu.

jua_kali_thika
Naongezea kwa hayo mzee amesema. Swichi ya kuwasha weka upande wa AC, usiikate DC kati ya kapasita na draiva. Na usichomoe plagi ya mota draiva ikiwa na umeme, koili inarusha volti za kuua draiva papo hapo. Mota zako ni waya nne ama nane? Kama ni nane na umeunga mfululizo, mH ni mara nne kuliko ukiunga sambamba.

karakana_moro
Ni waya nne. Transfoma nimeshasukiwa, bila mzigo inasoma 43 V. X sasa inakwenda 2,500 bila kulia, asanteni sana. Ila kuna jambo jipya: nikichonga shimo la mraba lenye njia nyingi za kwenda na kurudi, X inahama kidogokidogo, daima upande wa kulia.

mzee_wa_freza, Tanga
Hizo si volti tena. Mota ikikwama inapoteza hatua kwa mkupuo na unaisikia. Kuhama polepole upande mmoja ni waya wa DIR, ule unaoiambia draiva izungushe upande gani. Draiva inataka DIR itulie mikrosekunde 5 kabla ya pigo la STEP, lile linalosogeza mota hatua moja. Ikichelewa, au pigo likiwa limegeuzwa juu chini, kila ukigeuza mwelekeo inakosa hatua moja. Wewe una mapigo 1,600 kwa mzunguko, kwa hiyo hatua moja ni milimita 0.003. Migeuko mia ni 0.3. Kwenye Stepconf, sehemu ya kupangia mota katika LinuxCNC, weka nanosekunde 10,000 za DIR. Ikiendelea, geuza pini ya STEP ya X. Simika saa ya kupimia kwenye meza, iendeshe kwenda na kurudi, usome sindano.

karakana_moro
Ilikuwa pini ya STEP. Sindano inarudi palepale. Bado moto wa mota.

mzee_wa_freza, Tanga
Tazama swichi ndogo SW4 kwenye draiva. Ikiwa ON, mota inapewa ampia zote hata ikiwa imesimama. Iweke OFF, zitapungua nusu ikitulia. Kwa Z jaribu kwanza bila kazi mezani: kama kichwa kinashuka chenyewe, Z irudishe ON, X na Y ziache OFF.