Naomba ushauri: nikasomee ubingwa wa magonjwa ya dharura?

Habari wakuu, mimi ni daktari hospitali moja ya wilaya huku Dodoma, mwaka wa nne kazini. Juzi usiku tukaletewa kijana wa bodaboda kagongwa na lori, anakoroma, damu imejaa mdomoni na sakshen mashine ya kunyonya damu imegoma, nikamlaza ubavu nikawa nafuta kwa gozi mikono inatetemeka mpaka akapumua vizuri, toka siku ile akili yangu iko emejensi tu. MUHAS (chuo kikuu cha afya Muhimbili) wanafundisha ubingwa huu tangu 2010, miaka 3, ila mke wangu anasema bora upasuaji. Mliosoma, mkirudi mikoani mnapangiwa kitengo chenu kweli au mnarudishwa OPD (wagonjwa wa nje)? Na ada nani alilipa? Nisaidieni jamani.