Naomba ushauri: mama kusafiri kwa ndege kutoka Kisumu hadi Mombasa

Ndugu wanachama, naomba mnisaidie. Mama yangu ana miaka 74 na anataka kwenda Mombasa kumjulia hali dada yake, ila magoti yake huvimba hata kabla gari halijafika Nakuru, kwa hiyo nimeamua apande ndege. Kisumu hadi Nairobi ni takriban kilomita 280 angani, na Nairobi hadi Mombasa 420 hivi. Kila safari haizidi saa moja. Kinachoninyima usingizi ni kule kubadilisha ndege Nairobi akiwa peke yake, na mkongojo mkononi na furushi la omena alilomkaushia dada yake. Je, niache muda gani katikati, na kiti cha magurudumu huombwa lini?