Naomba ushauri: kufunga pedali za mashindano kwenye Mazda MX-5

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninayo Mazda MX-5 ya gia za mkono, ninayoitumia zaidi baina ya Mjini na Nungwi hapa Unguja, na nimeletewa kutoka Dubai seti ya pedali za alumini zenye vipira vya kuzuia kuteleza. Fundi wangu wa Mwanakwerekwe anataka kuzibana tu juu ya pedali za asili, lakini mimi nachelea ya breki isije ikalegea nikiwa mwendoni, hivyo napendelea zitobolewe na kufungwa kwa boliti. Je, kutoboa kutadhoofisha chuma? Na pedali ya breki ikiongezeka unene, mguu mmoja utaweza kugusa pedali ya breki na ya mafuta kwa pamoja ninaposhusha gia? Nakiri kwamba mara nyingi huendesha na makubadhi, tena yaliyorowa wakati wa masika.