Tupeane uzoefu: kukata video ndefu kuwa vipande vifupi, wapi huwa panaharibika?

Fundi_Fremu
Wakuu, leo kimenipita kipande cha mahojiano: mgeni kakatwa nusu uso, picha ina ukungu, manukuu (maandishi ya maneno yanayosemwa) yamejificha nyuma ya vitufe. Nimeona tufungue uzi. Mnaofanya kazi hii, semeni panapoharibika na dawa yake.

Naanza na ukungu, maana ni hesabu tupu. Video ya mlalo ya 1920 kwa 1080 ukiikata iwe wima, 9:16, unabaki na upana wa pikseli 608 hivi, chini kidogo ya theluthi ya picha yote. Halafu unaivuta ijae 1080 kwa 1920, karibu mara 1.8. Hapo hata ukiongeza bitireti (wingi wa data kwa kila sekunde) mpaka mwisho, kilichopotea hakirudi. Ukirekodi 4K, kipande cha wima kinatoka na 1215 kwa 2160, kwa hiyo unapunguza, huvuti. Kama video itakatwa, rekodi 4K hata kama ile ndefu utaitoa kwa 1080.

bi_taimlaini
Umenena. Na wakiwa wawili kwenye fremu moja, usihangaike kumfuata anayesema kulia kushoto kama unatazama tenisi. Wapandishe: mmoja juu, mmoja chini, kila mmoja 1080 kwa 960. Tatizo ni kwamba uwiano huo ni 9:8, na ukichukua kimo chote cha 1080 kila upande unahitaji upana wa 1215. Mara mbili ni 2430, picha ina 1920, kwa hiyo bega la huyu linatokea kwenye dirisha la yule. Chukua 960 kwa 853 kwa kila mtu, unavuta kidogo sana na hakuna bega la ziada.

Mkata_Kimya
Bega la ziada 😂 naliona kila siku.

Kisu_Kikali
Mnajitesa bure. Amri moja ya ffmpeg (programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri), sekunde mbili, kazi imekwisha:

`ffmpeg -ss 00:41:10 -i ndefu.mp4 -t 45 -c copy kipande.mp4`

Fundi_Fremu
@Kisu_Kikali mkuu, hiyo `-c copy` (nakili bila kusimba upya) haikati unapotaka wewe, inategemea fremu kuu (keyframe, zile picha zilizohifadhiwa nzima), na kwenye mafaili mengi fremu kuu zimeachana sekunde kadhaa. Matokeo ni picha iliyoganda mwanzoni huku sauti inaendelea, au kipande kinaanza na mkia wa sentensi ya mtu mwingine. Tena ukiwa na `copy` huwezi kukata umbo, kwa sababu kichujio chochote kinalazimu kuisimba picha upya. Amri ya wima ni hii:

`ffmpeg -ss 00:41:10 -i ndefu.mp4 -t 45 -vf "crop=ih*9/16:ih,scale=1080:1920,setsar=1" -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k -movflags +faststart kipande.mp4`

Bila kutaja nafasi inakata katikati. Mzungumzaji akikaa kushoto, andika `crop=ih*9/16:ih:300:0`, ukibadilisha hiyo 300 mpaka uso ukae sawa.

Kisu_Kikali
Naijua hiyo. `copy` natumia kumegea tu: natoa kipande cha dakika mbili chenye sekunde kumi za ziada huku na huku, ndipo nakimalizia kwenye simu. Simu haibebi faili la saa mbili.

Fundi_Fremu
Basi ungesema hivyo tangu mwanzo.

Sauti_ya_Tatu
Ngojeni niwape balaa lenyewe, maana mnaongelea mabega wakati kuna midomo.

Chukua mahojiano ya saa nzima yaliyorekodiwa kwa simu, sauti ikachukuliwa pembeni kwa kinasa. Mhariri anaoanisha picha na sauti kwa kofi lililopigwa mwanzo wa kurekodi, safi. Anakata kipande cha dakika ya 3, safi. Anaweka alama vipande vingine kumi na vinne, anatengeneza manukuu, anarenda (anatoa mafaili ya mwisho) vyote usiku, anavipandisha. Asubuhi maoni yanasema inafanana na filamu iliyotiwa sauti ya tafsiri. Kipande cha dakika ya 50, mgeni anafunga mdomo na sauti yake bado inakuja sekunde tatu nyuma.

Sababu: simu hairekodi fremu (picha moja moja zinazounda video) kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua au prosesa ikichoka, fremu zinapungua. Rekodi za skrini na za vikao vya mtandaoni ndiyo mbaya zaidi. Faili linajiita la fremu 30 kwa sekunde, lakini tuseme wastani wake halisi ni 29.97. Programu ikizihesabu kama 30 kamili, kila saa picha inamaliza sekunde 3.6 kabla ya sauti. Dakika ya 3 tofauti haifiki moja ya tano ya sekunde, jicho linasamehe. Dakika ya 50 ni sekunde tatu kamili, na hapo hakuna wa kusamehe. Ndiyo maana kujaribu kipande cha mwanzo peke yake ni kujidanganya. Jaribu cha mwisho kwanza.

Kinga: fungua faili kwenye MediaInfo, programu ya kusoma taarifa za faili. Ukiona mwendo wa fremu umeandikwa "Variable", usiliweke kwenye taimlaini (meza ya kuhariria ndani ya programu). Lipitishe HandBrake, programu ya kugeuza video, sehemu ya video, chagua "Constant Framerate" na 30. Kwa ffmpeg ni `-fps_mode cfr -r 30`. Hilo linafanyika KABLA ya kuhariri, kwa sababu ukibadilisha faili katikati ya kazi, alama zako zote zinahama.

Kama umeshakata: tenganisha sauti na picha kwa kila kipande, isogeze mpaka herufi "p" na "b" zikutane na midomo iliyofungwa. Ndani ya sekunde 45 mtengano kama huo ni fremu moja na kidogo, hauonekani. Kwa hiyo vipande vyote kumi na vitano vinaokoleka, ila kimoja kimoja, kwa mkono.

Mkata_Kimya
Kimoja kimoja. Kwa mkono. Nimesikia baridi.

Ndimu_Kavu
Hii imefunga uzi. Mimi nilikuja kusoma mambo ya hashitegi.

bi_taimlaini
Nyongeza: kinasa kiwekwe 48 kHz (sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde) kama video. Faili la 44.1 likichezwa kana kwamba ni la 48, linakimbia karibu asilimia 9 na sauti inakuwa ya kitoto. Mkiona mgeni anaongea kama katuni, tafuteni hapo.

Roboti_Mvivu
Siku hizi yote haya ni akili bandia. Unapandisha video ndefu, unaletewa vipande ishirini vyenye manukuu na alama za ubora. Kwa nini mtu akae na ffmpeg?

Wino_wa_Nyuma
@Roboti_Mvivu zinaokoa muda wa kutafuta, sibishi. Ila hizo zinapenda kicheko na sauti ya juu. Hazijui kwamba jibu "ndiyo, aondoke" lilikuwa la swali la dakika mbili nyuma, wala kwamba sentensi ilianza na "kama ikithibitika". Ukikata hilo "kama", umemwekea mtu maneno mdomoni na umemkosea mgeni wako. Kabla hujakubali kipande chochote, sikiliza sekunde 60 kabla na 60 baada yake. Swali likikosekana, liandike juu ya picha, mstari mmoja.

Na manukuu yake yakague neno kwa neno, hasa ukanushi. "Hakulipwa" ikiandikwa "alilipwa" ni kesi, siyo kosa la herufi.

Roboti_Mvivu
Kwani binadamu hawakosei?

Wino_wa_Nyuma
Wanakosea, ila hukosea kipande kimoja. Siyo ishirini kwa mkupuo.

Kisu_Kikali
Manukuu ya Kiswahili yana ugomvi wake. Mitindo mingi imepangwa maneno matano kwa mstari. Weka "walipotuambia tusingeweza kuwasaidia" uone, inatoka nje ya fremu au herufi zinakuwa za sisimizi. Maneno mawili au matatu kwa mstari, mistari isizidi miwili, ukubwa wa herufi pikseli 60 hadi 80 kwenye upana wa 1080. Yakae kati ya pikseli 1150 na 1400 toka juu. Chini ya hapo kuna maelezo ya posti, na kulia acha kama 150 kwa ajili ya vitufe.

Ndimu_Kavu
Mimi nayaweka katikati kabisa.

Kisu_Kikali
Katikati ndipo pua ilipo.

bi_taimlaini
Kuhusu majukwaa, faili mama liwe moja: wima, bila muziki, bila manukuu, bila nembo ya programu yoyote. Msipakue kutoka TikTok na kupeleka Instagram. Tangu Februari 2021 Instagram walisema wazi kuwa Reels zenye alama za programu nyingine hazitapendekezwa sana. Shorts za YouTube zilipanda hadi dakika 3 Oktoba 2024, lakini ikizidi dakika moja na muziki wake ukawa na dai la Content ID (mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki), inazuiwa. Kwa hiyo muziki wekeni ndani ya kila jukwaa, au kaeni chini ya dakika. X kwa akaunti ya bure ni sekunde 140. Na jalada la Instagram: gridi inaonyesha 3:4, ina maana pikseli 240 za juu na 240 za chini zinakatwa. Kichwa cha habari kikae ndani ya 1440 za katikati.

Sauti_ya_Tatu
Na muziki ukiwekwa, uwe chini ya sauti ya mtu kwa desibeli 18 hadi 20. Spika ya simu haina besi, kwa hiyo kinachosikika vizuri kwenye hedifoni kinaweza kummeza mzungumzaji. Lenga −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika), kilele kisipite desibeli −1.

Mkata_Kimya
Kimya nakata chote, pumzi na zote. Video inakimbia.

Sauti_ya_Tatu
Ndiyo maana wageni wako wanaonekana wanazama. Acha fremu tatu hadi tano kabla ya neno, na pumzi moja kabla ya jambo zito. Mruko wa picha ufiche kwa kuvuta asilimia 10 hadi 15, kipande kimoja karibu, kingine mbali.

Ndimu_Kavu
Swali la pembeni: video ya iPhone, rangi zinatoka zimepauka nikirenda, kwenye simu ziko vizuri. Nimeongeza kontrasti, nyuso zinakuwa nyekundu.

Fundi_Fremu
Acha kontrasti. Hiyo imerekodiwa HDR (mwanga na rangi pana kuliko kawaida) na taimlaini yako ni ya kawaida, SDR, kwa hiyo mwanga unasomwa vibaya. Tafuta kwenye programu sehemu ya "tone mapping" (kugeuza HDR kuwa SDR) uiwashe, rangi iwe Rec. 709, kiwango cha rangi cha video ya kawaida. Safari ijayo zima HDR kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kurekodi. Ulizokwisha kurekodi zigeuze kuwa SDR kwanza, ndipo ukate.

Ndimu_Kavu
Zote?

Fundi_Fremu
Ile video ndefu tu, mkuu. Vipande vitafuata.