Seramu ya vitamini C imegeuka rangi: je, niendelee kuipaka?

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Kwa miezi mitatu sasa napaka kila asubuhi seramu yenye asidi askobiki (yaani vitamini C yenyewe) ya asilimia 15, nikikusudia kufifisha madoa meusi ambayo chunusi ziliniachia mashavuni. Nilipoifungua ilikuwa angavu kama maji. Leo ina rangi ya chai, na imeacha alama kwenye kola ya shati langu jeupe. Madoa yamefifia, ila kidogo. Je, niimalize, au ninajipaka kitu kisicho na kazi tena?

Jibu la 1
Iache, ndugu yangu. Asidi askobiki huharibiwa na hewa, mwanga na joto, na rangi yake ndiyo inayokupa habari: umanjano hafifu unavumilika, lakini ikishafanana na chai, sehemu kubwa ya vitamini imeshapotea. Chupa nyingine utakayonunua iwe ya kioo cheusi, uiweke mahali penye ubaridi, na uifunge mara tu unapomaliza kudondosha matone yako, kwa maana wengi wetu huiacha wazi tukijitazama kwenye kioo. Mimi ningechukua yenye asilimia 30 ili madoa yaondoke upesi.

Jibu la 2
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu chupa, lakini si kuhusu hiyo asilimia 30. Ikizidi asilimia 20, ngozi hainyonyi zaidi. Kinachoongezeka ni mwasho. Hata hiyo ya 15 huchoma kidogo kwa sababu asidi askobiki hupenya vizuri pale tu pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu huzidi) inapokuwa chini ya 3.5, na uchachu huo si kila ngozi inauweza. Mwenye ngozi nyepesi kuwashwa anaweza kutumia vitamini C ya aina ya sodiamu askobili fosfeti, ambayo ni pole zaidi na haiharibiki haraka, ingawa ushahidi wa nguvu yake ni mdogo kuliko wa asidi yenyewe. Ukiona vitamini E na asidi feruliki kwenye orodha ya viambato, hilo ni jambo jema, kwani huisaidia vitamini C idumu.

Kuhusu madoa, vitamini C hupunguza kasi ya kimeng'enya cha tairosinesi, ambacho seli hukihitaji ili kutengeneza melanini, yaani rangi nyeusi ya ngozi. Kwa hiyo huzuia rangi mpya zaidi ya kufuta ile iliyokwisha kujikusanya, na ndiyo maana miezi mitatu, tena pengine nusu yake ukiwa na seramu iliyochakaa, ni muda mfupi.

Muulizaji
Nashukuru. Nakiri kwamba chupa ilikaa dirishani muda wote, na krimu ya kukinga jua huwa naipaka siku za kwenda ufukweni tu.

Jibu la 2
Basi hapo ndipo penye tatizo. Jua huamsha melanini kila siku, hata kukiwa na mawingu, na seramu peke yake haiwezi kushindana nalo. Paka seramu, ikauke, kisha krimu ya kukinga jua yenye SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi.