Mboga za mizizi kwa siki tamu: kwa nini zimeungua nje na ndani bado ni ngumu?

Mwuliza swali, Moshi

Habari za jioni ndugu wapishi. Jumapili iliyopita nilikuwa na wageni kumi na wawili, nami nikaamua kuacha wali na kachumbari ya siku zote ili niwapikie mboga za mizizi zilizookwa kwa siki ya balsamiko, ile nyeusi tamu ya Italia, ambayo shemeji yangu aliniletea chupa ya mililita 250. Nilikata karoti kilo moja, viazi lishe nusu kilo na bitiruti tatu, nikavichanganya vyote katika trei moja pamoja na mafuta, chumvi, vijiko vitatu vya sukari na karibu nusu ya ile siki, kisha nikaingiza katika oveni ya gesi kwa nyuzi 220 kwa dakika 45.

Chini ya trei palibaki lami nyeusi ambayo niliiloweka usiku kucha na bado nikaikwangua kwa kisu. Viazi vilipondeka, karoti zilikuwa ngumu hata mjomba akaisogeza yake pembeni ya sahani kwa adabu, na kila kitu kiligeuka rangi ya bitiruti. Mimi nilitaka mboga laini zilizoshikwa na rojo linalong'aa. Naomba nielezwe kosa lilikuwa wapi, katika moto, siki au mboga zenyewe, kwa kuwa siki iliyobaki inatosha kujaribu mara moja tu.

Jibu la kwanza, Bologna

Pole sana dada. Nafanya kazi katika jiko la mkahawa hapa Bologna, mwendo mfupi kwa treni kutoka Modena inakotoka siki hiyo, na kosa lako nimelifanya mwenyewe nilipokuwa mgeni. Siki uliitia mapema mno.

Tuanze na ugumu wa karoti. Kila aliyepika maharage nyumbani anajua kwamba nyanya na ndimu haziingii chunguni kabla maharage hayajaiva, maana yatakaa motoni mpaka mkaa uishe na bado yakatae kulainika. Karoti nazo ni vivyo hivyo. Kinachoishikilia karoti ni gundi ya asili iitwayo pektini, ambayo huachia taratibu inapopata joto, lakini ikikutana na uchachu huendelea kushika. Siki ya balsamiko ya Modena ina uchachu usiopungua asilimia 6, na karoti zako zililala ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho. Viazi lishe vina nyama laini yenye maji, ndiyo maana havikuhimili dakika 45 hata vikiwa ndani ya siki.

Kuungua nako kuna sababu yake. Siki hii hutengenezwa kwa juisi ya zabibu iliyochemshwa au kukolezwa, ikachanganywa na siki ya divai, kwa hiyo ina sukari ya kutosha hata kabla hujaongeza kijiko kimoja. Sehemu ya sukari hiyo, ile iitwayo fruktosi, huanza kugeuka kahawia katika nyuzi 110 hivi, ilhali sukari ya kawaida ya miwa husubiri hadi karibu nyuzi 160. Katika nyuzi 220 maji yalikauka mapema, sukari ikabaki peke yake juu ya bati, na vijiko vyako vitatu vikazidisha balaa.

Safari hii tumia trei mbili, bitiruti iwe peke yake, na usizibananishe mboga, kwa sababu zikibanana hutoa mvuke na kuchemka badala ya kuokwa. Kata karoti vipande vya sentimita mbili hivi, na viazi lishe vikubwa zaidi kidogo. Paka mafuta na chumvi tu, uweke nyuzi 200. Karoti na bitiruti zitangulie dakika 15, ndipo uongeze viazi kwenye trei ya karoti, na baada ya dakika 20 nyingine choma karoti kwa ncha ya kisu: ikiingia bila kusukumwa, imeiva. Wakati huo chemsha mililita 100 za siki katika kisufuria kidogo cha chuma kisichoshika kutu, kwa moto mdogo, ukiwa umefungua dirisha kwa sababu mvuke wake hukaba pua na kutoa machozi. Ikipungua hadi karibu theluthi moja na mapovu yakawa makubwa na mazito, izime, hata kama inaonekana nyepesi bado, kwa kuwa itazidi kuwa nzito ikipoa. Ongeza kipande cha siagi, mimina juu ya mboga zilizoiva, geuza, rudisha katika oveni dakika tano tu.

Kuhusu chupa yenyewe, soma orodha ya viungo nyuma yake. Ikiwa juisi ya zabibu imetajwa kabla ya siki ya divai, siki yako ni tamu na nzito kiasi, na sukari huihitaji kabisa. Ikiwa siki ya divai imetangulia, ongeza kijiko kimoja cha asali wakati wa kuichemsha. Iko pia ile ya jadi, inayouzwa katika vichupa vya mililita 100 baada ya kukaa katika mapipa ya mbao si chini ya miaka 12, na nyingine si chini ya 25. Hiyo haichemshwi. Hudondoshwa matone machache juu ya chakula kilichokwisha kupakuliwa, na bei yake hapa hapa Italia inatisha.

Jibu la pili, Nakuru

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu siki, ila oveni si lazima, na kwa karoti peke yake mimi naiona ni kupoteza gesi. Chukua kikaango kipana chenye kifuniko, panga karoti tabaka moja, tia maji yafike nusu ya kimo chake, siagi kijiko kimoja na chumvi, kisha funika kwa dakika kumi juu ya jiko la mkaa. Fungua, acha maji yakauke mpaka yabaki vijiko vichache, ndipo utie vijiko viwili vya siki na kutikisa kikaango bila kuacha hadi kila kipande kivae rojo. Dakika mbili hizi usiziibe kwa kujibu simu. Usipikie siki katika sufuria ya alumini, kwani huacha ladha ya bati mdomoni.

Jibu la tatu, Mombasa

Dada yangu, chupa hiyo ikiisha usihangaike kutafuta nyingine. Kwetu wako wasiotumia siki iliyotokana na divai, na hukumu yake nawaachia masheikh, lakini jikoni nimepata njia inayonitosha. Loweka ukwaju kiasi cha yai katika kikombe cha maji moto, uukamue na kuuchuja, uchemshe pamoja na vijiko viwili vya asali ya tende mpaka ushike mgongo wa kijiko. Rangi yake ni nyeusi vilevile na uchachu wake ni mpole zaidi. Asiye na asali ya tende atumie sukari guru iliyoparwa. Uutie mwisho, kwa sababu ukwaju nao huzuia mboga kulainika.

Nyongeza moja kwa watakaotaka kujaribu magimbi: yachemsheni kwanza mpaka yaive kabisa ndipo yapakwe rojo, kwani gimbi lisiloiva huwasha koo, na siki au ukwaju wa dakika tano hautaliokoa.

Mwuliza swali, Moshi

Ahsanteni sana wote. Nimerudia jana kwa trei mbili kama nilivyoelekezwa na kaka wa Bologna. Siki niliichemsha kupita kiasi, ikaganda kama peremende kwenye kijiko, nikairudisha kwa vijiko viwili vya maji moto na ikakubali. Karoti ziliiva mpaka katikati na bitiruti imebaki na rangi yake bila kuwapaka jirani zake. Binti yangu alipomaliza alifuta sahani kwa kipande cha chapati. Ukwaju wa Mombasa nitaujaribu Jumapili ijayo, mjomba atakapokuja tena. Trei nimeiosha kwa maji ya moto na sabuni tu.