Naombeni ushauri: niihariri filamu yangu mwenyewe au nimwachie mwingine?

Mleta mada: Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Ninatengeneza filamu za kujitegemea. Muswada ninauandika na kuuongoza mwenyewe, na riziki naipata kwa kuwahariria wengine. Filamu yangu ndefu ya kwanza imekwama ikiwa na dakika 128, kwani kila nikitaka kupunguza kipande najikuta nakitetea. Mtayarishaji mwenzangu anataka tumwite mhariri mwingine. Je, nikubali, ilhali uhariri ndiyo kazi ninayoimudu kuliko zote?

Mkata Picha: Kubali ndugu, ingawa si kwa sababu hujui kazi. Unapomtazama mwigizaji akifungua mlango, unakumbuka jinsi mlivyokesha mkiisaka picha hiyo, na kumbukumbu hiyo mtazamaji hana. Mhariri mgeni ataona mlango tu. Ataanza na mwigizaji akiwa amekwisha kuketi, na hakuna atakayeuliza aliingiaje.

Msumeno: Natofautiana kidogo na mwenzangu. Mwaka 2025 mwongozaji wa filamu Sean Baker alitwaa Oscar nne kwa filamu moja, zikiwemo za uandishi, uongozaji na uhariri, na waongozaji ndugu wawili Joel na Ethan Coen wamejihariria kwa miaka mingi wakitumia jina la Roderick Jaynes, mtu asiyekuwepo ambaye hata hivyo amewahi kuteuliwa kuwania Oscar ya uhariri. Kabla hujamwita mtu, waoneshe filamu watu wachache wasioijua hadithi, usiwaeleze lolote, kisha ukae pembeni uwatazame wao badala ya skrini. Wanapoanza kujigeuzageuza vitini, andika dakika hiyo. Maoni watakayokupa baadaye kwa adabu hayatakusaidia kiasi hicho.

Wakili wa Sanaa: Ukimwita, andikianeni mkataba kwanza: nani mwenye kauli ya mwisho, jina lake litaandikwaje, na malipo yatatolewa kwa hatua zipi. Picha ghafi zote, yaani video mlizorekodi kabla ya kuhaririwa, zibaki kwako, yeye apewe nakala.

Mleta mada: Ahsanteni sana. Nitaanza na watazamaji; wakichoka pale pale ninapopatetea, nitamkabidhi mhariri picha ghafi bila muswada, ili asiathiriwe na nilichokusudia.

Mkata Picha: Muswada mpe, lakini baada ya kuzitazama picha zote mara moja. Akiukosa kabisa, atapoteza muda mwingi akitafuta mpangilio ambao muswada ungemwonesha kwa ukurasa mmoja.